Kabari Aliyoichagua Baba

Baba yangu anaweza kutazama kichwa cha gogo, pale lilipokatwa, akakwambia litapasukia wapi na litagomea wapi. Nataka hilo lijulikane kwanza. Alikuwa mpasua mbao wa misheni kwa miaka mingi, enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa na mwingine shimoni anakula vumbi, na nyumba nyingi za Kifanya zimebeba mbao zake kwenye mapaa mpaka leo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba siku ile Makambako mzee alikosea. Mimi mwenyewe nilijiambia hivyo wiki nzima, mzee amechoka, mzee amesahau, na nilikuwa najidanganya mchana kweupe.

Nilikuja nyumbani kwa wiki mbili. Mama alikuwa ameshafariki, na baba akaanguka akitoka kuoga, kiharusi kikamwachia mkono wa kushoto usioshika kitu na mguu unaoburuta. Wakati huo nilikuwa Lyamkena, pale Makambako, nina chumba changu na cherehani yangu kwenye kibaraza nilichopanga pamoja na rafiki yangu. Tulikuwa tunashona sare za shule. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Mbeya, wakanipigia simu siku moja, kwa zamu, kama waliokubaliana maneno: "Dada, wewe ndiye uko karibu. Wiki mbili tu, tujipange."

Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukawa minne. Hawakujipanga chochote! Krismasi wanakuja, wanakula kuku niliyemfuga mimi, wanapiga picha na mzee, wananishika bega na kuniambia Mungu atanilipa, halafu haoo, wameondoka. Namwamini Mungu, lakini siku hizo nilikuwa nasonya mpaka watoto wao wananishangaa.

Kilichonifunga pale si mapishi wala kufua. Jirani yetu, mama mmoja mjane anayeelewana na baba tangu zamani, alishasema atamfanyia hayo yote kwa moyo mmoja. Kilichonifunga ni kuni. Asiyewahi kukaa Njombe mwezi wa sita hawezi kunielewa. Unaamka nyasi ni nyeupe, vidole havikunjiki, na mzee ambaye upande wake mmoja umekufa anaisikia baridi ndani ya mfupa. Moto wa jikoni kwetu unakokwa alfajiri na haulali mpaka yeye alale. Huo moto unakula kuni vibaya sana, na mpasuaji ni mimi.

Utasema, si mnunue. Thubutu! Baba ana shamba la miwati aliloachiwa na babu, na kwetu mwanamume mwenye miti yake akionekana ananunua mzigo wa kuni, Jumapili baada ya misa watu watamuuliza taratibu kama ameuza shamba. Bora alale na baridi. Vibarua nao walikuja, kwa nyakati tofauti, watatu. Wa kwanza baba alimwambia anashika shoka kama mwiko. Wa pili anapasua kuni nene, wa tatu anapasua nyembamba mno, zinaungua kabla chai haijachemka. Wote waliondoka wamenuna. Baada ya hapo ananiita kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, hebu nisaidie wewe." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mtu akikuita hivyo utafanya nini? Unachukua shoka.

Mwaka huu kaka wa Mbeya ndiye aliyeleta habari ya mashine. Aliikuta mahali wanapopasua kuni za kukaushia majani ya chai. Gogo linalazwa kwenye reli ya chuma, jeki inalisukuma polepole, mbele yake kuna kabari imesimama wima, gogo linafika pale na kujichana lenyewe. Mtu kazi yake ni kuvuta leva. "Kwa mkono mmoja," akasema. Nilikaa chini kwenye kizingiti, simu sikioni. Mkono mmoja! Baba anao mkono mmoja mzima, na una nguvu kuliko yangu yote miwili.

Tukakubaliana kwenye simu, sote watatu, na baba akiwa anasikia. Wao watagharamia mashine. Vijana wa msumeno wa moto, ule wa petroli, watakata miti vipande vifupi na kuvipanga kwenye benchi lenye kimo cha reli, ili mzee avivingirishe tu. Mzee akiweza kujipasulia kuni mwenyewe wiki nzima bila kuniita, mimi narudi Lyamkena na jirani anashika jiko. Nikampigia rafiki yangu. Akafurahi, lakini hakunificha: atanishikia nafasi mpaka shule zifunguliwe mwezi wa saba, baada ya hapo anamweka mtu mwingine, maana sare haziwezi kumngoja mtu. Nilimwelewa. Nikaanza kuhesabu siku kama mfungwa.

Fundi aliyetutengenezea yuko Makambako, ana karakana ya kuchomelea kando ya barabara. Alichukua jeki ya tipa lililokufa, akailaza kwenye chuma kizito cha reli, akaifungia injini ndogo ya kuvuta kamba. Alipomaliza alipiga simu: kimebaki kichwa tu, njooni mchague kabari. Baba akasema lazima aende mwenyewe. Tukapakiwa kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kijana mmoja jirani, baba mbele na blanketi, mimi nyuma na baridi yangu, Kifanya mpaka Njombe, Njombe mpaka Makambako.

"Kamwene, mzee," fundi akamsalimu, akampa kigoda. Kisha akatandika gunia chini na kupanga kabari tatu. Sikujua kwamba kabari zinatofautiana. Kwangu kabari ni kipande cha chuma unachokigonga mpaka mti ukubali. Kumbe kuna elimu. Ya kwanza ilikuwa nyembamba na ndefu, inaingia kwenye mti kwa urahisi, lakini haiupanui, inaweza kuzama yote na gogo likabaki limeibana. Ya pili ilikuwa fupi, mdomo mkali, halafu ghafla inanenepa pande mbili. Fundi aliyaita mabega. Mdomo ukishaingia kidogo, yale mabega yanausukuma mti huku na huku, ukatae usikatae. Hiyo, alisema, ndiyo ya miti yenye mafundo na nyuzi zilizojisokota. Ya tatu ilikuwa msalaba. Kabari wima, na mbawa mbili za chuma zimetoka ubavuni. Gogo linapita mara moja na kutoka vipande vinne.

"Hii ndiyo wanayoipenda wote," fundi akasema, "ila inataka mti ulionyooka. Ikikutana na fundo, inakwama hapo hapo. Na likikwama kwenye msalaba, mzee, jeki ikirudi nyuma gogo halirudi nayo. Mpaka upate mtu wa nyundo."

Baba aliinama kwenye kigoda, akapitisha dole gumba kwenye midomo ya zote tatu, moja moja, bila haraka. Alikaa na ile ya mabega muda mrefu kuliko zote. Akaigeuza. Nikaona uso wake umechangamka, uso wa kazini, ambao sikuwa nimeuona tangu augue.

"Mnapasua mti gani, mzee?" fundi akauliza.

"Misindano," baba akasema. "Misindano mitupu. Imenyooka."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Misindano! Kwetu hakuna msindano hata wa kuchongea mwiko. Yote ni miwati, tena mikongwe, mingi ilibanduliwa magome zamani ikauzwa kiwandani, ikapona vibaya, ikapinda, ikajaa mafundo kila shibiri. Kila gogo la pale mimi nalifahamu. Nimepigana nalo. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Inabidi nieleze. Kwetu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya mtu wa nje, hata mtoto awe na mvi. Baba akisema jua linachomoza Makete, kule linakozama, wewe unaitikia, ukifika nyumbani ndiyo unamwambia kwa adabu, baba, nadhani lile neno lilikuponyoka. Tumelelewa hivyo, na anayefanya kinyume watu wanamuulizia mama yake. Basi nikameza. Nikajiambia nitamnong'oneza tukiwa wawili.

Lakini baba hakumaliza. "Huo msalaba uchomelee kabisa," akamwambia fundi. "Ukiuacha wa kuchomeka na kuchomoa, wa kwetu kule wataung'oa wakauze chuma chakavu." Fundi akasema ni busara, akavaa miwani yake, cheche zikaanza kuruka. Wakamjaribishia na gogo la mlingoti mchanga, limenyooka kama mshumaa. Likapita kwenye msalaba bila kelele, vipande vinne, watu wa pale wakashangilia. Baba akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kutoka karakana mpaka kibaraza changu cha zamani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Niliangalia upande ule tu. Yule kijana alikuwa ameshawasha gari.

Nyumbani tuliiweka mashine nyuma ya jiko, baba kwenye kigoda, magogo kwenye benchi. Gogo la kwanza lilitoka vizuri, nikashukuru Yesu na Maria kwa sauti. La pili lilifika katikati, injini ikabadilisha mlio, ikaanza kuguna, kisha kimya. Gogo limekaa kwenye msalaba, limefumbata mbawa zote mbili, haliendi mbele wala nyuma. Baba akarudisha jeki. Gogo halikutikisika. Akasukuma jingine nyuma yake, likazidi kukaza.

"Mama," akaita, nami nimesimama pale pale. "Hebu leta nyundo."

Nyundo yenyewe ni ile kubwa ya kupasulia mawe. Niligonga mpaka mabega yakawaka moto. Gogo lilipotoka nilikuwa naona nyota. Kupasua kwa shoka kungenichukua nusu ya muda huo, na sasa tulikuwa tunachoma na petroli juu yake. Siku hiyo aliniita mara saba. Kesho yake mara tisa. Kaka wa Dar alipopiga kuuliza, baba akamjibu mashine ni nzuri mno, ila inahitaji mtu wa kusaidiana naye. "Si dada yupo?" kaka akasema, na nilimsikia akishusha pumzi. Niliinuka nikaenda kusimama chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee pale nyumbani panapofungwa na komeo kwa ndani.

Nilikasirika na kila mtu. Na kaka zangu, na fundi aliyekubali haraka, na mama kwa kufa mapema. Baba tu sikumkasirikia. Mgonjwa unamkasirikiaje? Nilimhurumia. Nilisema kichwa chake kimeanza kuchoka, amechanganya miti, masikini, yeye aliyekuwa fundi. Huruma hiyo ilinibana kuliko hasira, maana mtu aliyechoka kichwa humwachi peke yake na injini.

Halafu Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku sita shule zifunguliwe, nilikuwa jikoni napepeta mchele karibu na dirisha. Baba hakujua kama nipo. Aliinuka kwa fimbo yake, akaenda kwenye benchi. Akalivuta gogo la kwanza, akaliinamia, akalitazama kichwa kwa makini. Akalisukuma pembeni. La pili hivyo hivyo, akapitisha na dole gumba, pembeni. La tatu alilizungusha, akalitazama kwa nyuma, likampendeza, akalivingirisha mpaka kwenye reli. Kabla ya kuvuta leva akaligeuza tena, taratibu, robo mzunguko. Fundo kubwa kama ngumi likawa limeelekea msalaba sawasawa. Ndipo akawasha. Injini ikaguna, ikanyamaza.

"Mama!" akaita. "Limekwama tena huku."

Ungo ulinitoka mkononi. Mchele wote chini. Nilitoka nje sina nyundo. Nikaenda kwanza kwenye yale magogo aliyoyatenga. Yalikuwa manne, pamoja na mawili ya jana. Yote yamenyooka, hayana fundo hata moja, katika lile shamba bovu la miwati alikuwa ameyachambua bila kukosea hata mara moja.

"Baba," nikasema, "unayachagua."

Akaivuta leva tena, bure.

"Unachagua yatakayokwama! Na kule Makambako ulijua. Uliishika ile ya mabega, ukajua ndiyo yetu, ukasema misindano. Kwa nini unanifanyia hivi? Miaka minne, baba! Mikono yangu imekuwa kama ya mbeba zege. Nilikuwa na kazi yangu, nilikuwa na chumba changu, nilikuwa na ufunguo wa mlango wangu mwenyewe!" Nilikuwa napiga kelele. Yule mjane alichungulia kwenye uzio, akarudi ndani haraka. Sikuwa nimewahi kumpigia baba kelele maishani mwangu.

Baba alikuwa ameshika leva kwa mkono wake mzima. Hakukana. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa, na alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Nilijua," akasema. "Niliogopa. Yule mama jirani ni mwema, lakini usiku anakwenda kwake." Akaiachia leva. "Ila wewe ulikuwa umesimama pale, mama. Unaijua miwati yetu kuliko mtu yeyote. Mbona hukusema?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni heshima.

Kuna kitu nimekiruka hapo juu, nacho sijamwambia mtu mpaka leo, hata padri. Siku ile Makambako, kabla cheche hazijaanza, baba aliomba kwenda kujisaidia na yule kijana wa gari akamshika mkono wakazunguka nyuma ya karakana. Nikabaki mimi na fundi. Fundi akanitazama, akasema, "Dada, una uhakika ni misindano? Watu wengi wa Kifanya wananiletea miwati." Hapakuwa na baba wa kumkosoa. Hapakuwa na mtu. Neno moja tu lilihitajika, na nikamwambia, "Mzee ndiye anayejua."

Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa. Ndiyo hivyo, nimesema. Miaka minne si mchezo. Rafiki yangu sasa ana cherehani za umeme ambazo sizijui, wateja wangu wamezoea mkono wake, uzi siupitishi kwenye sindano bila kusogea kwenye mwanga. Nilikuwa nalia kutaka kuondoka kila siku, na mlango ulipofunguliwa nikasaidia kuufunga. Kwa baba nilikuwa na kazi, nilikuwa na lawama, nilikuwa na haki ya kununa. Lyamkena ningekuwa mwanafunzi kwenye kibaraza changu mwenyewe.

Hayo yote sikumwambia. Nilisimama tu mbele yake, na nadhani aliyasoma, kama anavyosoma vichwa vya magogo.

"Nitaita mtu wa grainda," nikasema mwishowe. "Azikate hizo mbawa. Ibaki kabari ya kawaida. Utaweza."

"Nitaweza," akasema.

"Akishakata, nitakwenda."

Baba akatikisa kichwa. "Usimsubiri. Nenda kesho asubuhi na gari la kwanza. Ukikaa mpaka akate, nitakuwa nimeshapata sababu nyingine. Najijua." Akaniangalia machoni, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. "Na wewe pia utakuwa umeipata."

Mtu wa grainda alisema atakuja Alhamisi. Nikasema nimsubiri, siku mbili ni nini. Alhamisi alikuja, akazikata mbawa zote mbili, akaunoa mdomo na kuachia unene kidogo pembeni kama mabega ya ile kabari ya pili. Baba alipasua miwati yenye mafundo mpaka saa sita mchana, kwa mkono mmoja, na hakuniita hata mara moja. Ijumaa vilevile. Jumatatu shule zikafunguliwa, na rafiki yangu alinipigia mara mbili, sikupokea.

Sasa ni mwezi wa nane. Kuni zimepangwa ukuta mzima wa jiko, zinatosha mpaka mvua. Asubuhi baba akiingia jikoni na fimbo yake hunikuta nimeshakoka moto, anasimama mlangoni ananitazama.

"Bado upo, mama?"

"Nipo, baba."